Namna ya kukagua wiki moja ya mafao ya ukosefu wa ajira

Kabla hujanyanyua simu, chukua karatasi uandike juu kabisa tarehe mbili: Jumapili ya kuanzia na Jumamosi ya kumalizia. Hiyo ndiyo wiki yako. Chochote utakachouliza, utakachosoma na utakachoingiza kwenye faili kiwe kinaihusu wiki hiyo, au kinaeleza kwa nini mtu huyo alikuwa na haki ya kuidai. Yaliyo nje ya hapo ni umbea.

Nimefanya kazi hii ya ukaguzi miaka mingi katika jimbo moja la Marekani. Jimbo silitaji, kwa sababu taarifa za wadai, yaani wanaoomba mafao, ni siri kisheria, na sisi Waswahili kule hatujai hata ukumbi mmoja wa harusi. Ukitaja mtaa tu, watu wanajuana. Sasa mpwa wangu ameajiriwa kazi hiyohiyo jimbo jingine, na jioni haipiti bila simu: "Mjomba, na hili nalo je?" Nimeona niandike mara moja. Najua wapo vijana wetu wengine, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Bujumbura, walioingia kwenye idara za kazi za majimbo. Na wapo wanaopokea mafao wenyewe, ambao hawatapoteza kitu wakijua upande wa pili wa meza kunafanyika nini.

Kwanza ujue unachokikagua

Mafao haya yalisambaa nchi nzima kwa Sheria ya Usalama wa Jamii ya 1935, ingawa Wisconsin ilitangulia na sheria yake mwaka 1932. Serikali ya shirikisho huweka masharti mapana, kila jimbo likaandika sheria yake. Karibu kila mahali anayechangia mfuko ni mwajiri, kwa kodi. Kwa hiyo anayepokea hapokei sadaka. Ni bima, na bima ina masharti.

Masharti yenyewe si mengi. Awe na uwezo wa kufanya kazi wiki hiyo. Awe tayari kuanza kazi ikipatikana. Awe anaitafuta. Hayo matatu, tangu 2012, yamo katika sheria ya shirikisho yenyewe. Halafu aeleze pesa yoyote aliyoipata kwa kazi, asikatae kazi inayomfaa bila sababu, na aitwapo kwenye mahojiano ya kumsaidia kurudi kazini aende. Ila vipimo ni vya jimbo: Ohio inataka hatua mbili za kutafuta kazi kwa wiki, Washington tatu, Florida tano, au tatu ukiwa katika kaunti ndogo. Mpwa wangu alikuja na mazoea ya jimbo alikosomea, akashangaa kuona jimbo alilohamia linahesabu hata warsha ya kuandika wasifu kuwa hatua halali. Soma sheria ya kwenu. Usikague kwa kumbukumbu.

Mafaili ninayoyazungumzia ni ya mpango wa shirikisho wa kupima usahihi wa malipo, unaojulikana kwa herufi tatu, BAM. Kila wiki kompyuta huchota kwa bahati nasibu malipo machache kati ya yote yaliyotoka jimboni. Kwa mwaka yanafika 480 katika majimbo mengi, na 360 katika yale kumi madogo. Kila faili ni wiki moja ya mtu mmoja, nawe unaifumua tangu mwanzo: alivyoachana na kazi, mishahara iliyotumika kumkokotolea mafao, kazi alizotafuta, pesa alizopata. Huchotwa pia waliokataliwa, kuona kama walikataliwa kwa haki. Muda nao umepimwa: kwa mafaili ya waliolipwa, asilimia 70 yafungwe ndani ya siku 60, asilimia 95 ndani ya siku 90, na asilimia 98 ndani ya siku 120. Usiache mwajiri mkaidi akakulia mwezi mzima.

Simu ya kwanza

Kwa kuwa jina limetoka kwa kura, mtu uliye naye kwenye simu hajashtakiwa na yeyote. Hakuna jirani aliyemchongea. Yeye hajui hivyo, na ukichelewa kumwambia atakujibu kama anayejitetea, na majibu ya kujitetea ni mafupi, hayana tarehe, hayakusaidii. Mimi nilikuwa naanza hivi:

"Shikamoo mama. Napiga kutoka idara ya kazi ya jimbo. Hujafanya kosa, na simu hii haijasimamisha malipo yako. Kila wiki kompyuta inachagua watu kwa kura, tunapitia malipo yao tuone kama sisi ofisi tulihesabu sawasawa. Safari hii kura imekuangukia wewe. Una nafasi sasa, au nikupigie saa ngapi?"

Maneno "sisi ofisi tulihesabu sawasawa" hayajawekwa kumlainisha. Ni kweli. Nusu ya kazi ni kukagua ofisi yenyewe.

Watu wetu wamechoshwa na matapeli wa simu, wale wanaojidai ni wa kodi au wa uhamiaji. Mtu akisita, usimbishie. Mwambie akate, atafute namba ya idara kwenye barua aliyonayo nyumbani, apige aulize jina lako. Na usiombe namba yake nzima ya Usalama wa Jamii; unayo tayari, tarakimu nne za mwisho zinatosha.

Kama Kiingereza kinampa shida, tafuta mkalimani wa ofisi. Usikubali mtoto wa miaka kumi na miwili akalimani mambo ya mshahara wa baba yake. Mbele ya mwanawe, baba hatasema kwamba alifukuzwa kazi, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo msingi wa wajibu wa ofisi kumhudumia kwa lugha anayoielewa. Wewe mwenyewe ukijua Kiswahili, pata ruhusa ya msimamizi kabla ya kuhoji kwa Kiswahili. Na ukimfahamu mtu huyo, hata kama mlikutana msibani tu, rudisha faili lipewe mwingine. Hili halina mjadala. Jamii ni ndogo, na siku uamuzi ukienda vibaya kwake utaambiwa una chuki, ukienda vizuri utaambiwa ulimbeba.

Kuuliza habari za pesa

Swali la fomu ni "Je, ulifanya kazi wiki hiyo?" Ukiliuliza hivyo kwa watu wetu utajibiwa "hapana" na mtu mkweli kabisa aliyeendesha teksi ya programu jioni tatu, au aliyesuka nywele za mabinti wawili sebuleni kwake. Kwake yeye kazi ni ile yenye beji, bosi na zamu. Hizo nyingine ni kuhangaika tu. Kwa hiyo uliza kwa kushuka ngazi. Kuna mtu yeyote aliyekupa pesa wiki ile kwa jambo ulilomfanyia? Uliendesha gari la abiria au la chakula? Ulipika, ulisuka, ulilea mtoto wa mtu, ulimsaidia mtu duka lake? Uliuza kitu kwenye simu? Uliza kwa sauti ileile ya kuulizia hali ya hewa, na baada ya kila swali nyamaza kidogo.

Halafu linganisha na kumbukumbu. Tangu sheria ya 1996, mwajiri hutakiwa kuripoti mfanyakazi mpya ndani ya siku 20, na majina hayo huishia kwenye kanzidata ya taifa ya walioajiriwa karibuni. Jina la mdai likijitokeza humo, una dokezo. Ushahidi bado. Tarehe iliyoandikwa huenda ni ya kusaini mkataba, huenda ni ya mafunzo yasiyolipwa, huenda mwajiri amekosea mwaka. Piga simu kwa mwajiri, omba saa za kila siku, siku kwa siku, kwa ile wiki yako.

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mfano wa kijana aliyeanza ghalani Alhamisi, kwa dola 18 kwa saa. Alhamisi alifanya kazi kwa saa nane, Ijumaa kwa saa nane, Jumamosi kwa saa nne. Hizo ni saa 20, dola 360. Wiki iliyofuata akapiga saa 40, dola 720. Hundi ikaja ya wiki mbili kwa pamoja, dola 1,080. Kijana aliidai ile wiki ya kwanza na kuandika mapato sifuri, kwa sababu hundi haikuwa imefika. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: pesa huripotiwa wiki ilipofanyiwa kazi, hata kama italipwa mwezi ujao. Wiki ya pili hakudai tena.

Sasa mkaguzi mvivu atachukua 1,080 agawe kwa mbili: dola 540 kila wiki. Tuseme fao lake la wiki ni dola 420. Kwa dola 540, katika majimbo mengi hakustahili hata senti, kwa hiyo arudishe zote. Kwa dola 360, ambazo ndizo alizozipata kweli, majimbo mengi yangempa sehemu ya fao, na anachotakiwa kurudisha ni tofauti tu. Mvivu zaidi atachukua ripoti ya mishahara ya robo mwaka. Tuseme kijana alianza mwanzoni mwa Novemba na ripoti ya Oktoba hadi Desemba inasema dola 5,200. Gawa kwa wiki 13, ni dola 400 kwa wiki. Ghafla Oktoba nzima, mwezi ambao alikuwa anazunguka na wasifu mkononi, inaonekana alikuwa analipwa dola 400 kila wiki akaficha. Kwa kugawanya tu, umempa mtu wizi ambao hakuufanya.

Na hayo yametokea, tena kwa maelfu. Michigan ilikuwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa MiDAS, ambao kati ya 2013 na 2015 ulikuwa ukitoa hukumu za udanganyifu wenyewe, ikiwemo kwa kusambaza mapato ya robo mwaka juu ya wiki. Dodoso zilitumwa kwenye akaunti za mtandaoni ambazo wengi walikuwa wameacha kuzifungua, na asiyejibu ndani ya siku kumi akahesabiwa amekiri. Adhabu ilikuwa mara nne ya deni, na riba ya asilimia 12 juu yake. Jimbo lilipokuja kupitia upya kesi 22,427 ambazo mashine iliziamua peke yake, asilimia 93 zilikuwa makosa. Waathirika walifikiwa na fidia ya dola milioni 20, miaka mingi baadaye, wengine wakiwa wameshafilisika. Australia nayo ilichukua mapato ya mwaka mzima kutoka kwa mamlaka ya kodi, ikayagawa sawasawa juu ya vipindi vya wiki mbili mbili, na kuwadai watu waliopokea posho za ukosefu wa ajira na nyinginezo. Watu wakaupa mpango huo jina la Robodebt. Ulisimamishwa 2019, na tume ya kifalme ikatoa ripoti yake Julai 2023. Nchi mbili tofauti, na kosa ni moja: hakuna aliyemwuliza mwajiri, "Jumanne ile alifanya saa ngapi?"

Kuhakiki kazi alizotafuta

Omba orodha yenye tarehe, jina la mwajiri, nafasi, na njia aliyotumia. Kisha piga simu. Kila hatua utaiweka katika fungu moja kati ya matatu: inakubalika, haikubaliki, au haithibitishiki. Fungu la tatu lipo kwa sababu maalumu. Hoteli ikisema "hatuna rekodi ya jina hilo", haijasema mtu ni mwongo. Maombi ya siku hizi hupita kwenye tovuti ya makao makuu, na msichana wa mapokezi hayaoni. Mwombe mdai barua pepe ya uthibitisho, au picha ya skrini. Kama aliingia dukani kwa miguu akaacha karatasi, uliza nani alikuwa zamu siku hiyo, upige tena zamu yake ikifika. Ukikosa yote, andika "haithibitishiki" na usonge mbele. "Haikubaliki" iachie pale ambapo una jambo la hakika: mwajiri anasema kwa yakini hakuja, au tarehe haiwezekani.

Hata lisilowezekana liangalie mara mbili. Niliwahi kukuta mama ameandika kiwanda cha mikate ambacho kumbukumbu za jimbo zilionyesha kimefungwa zamani. Mwenzangu alikuwa tayari kuandika kwamba orodha ni ya kubuni. Nikapita pale nikienda nyumbani. Kibao cha zamani kilikuwa bado juu ya mlango, na ndani mpangaji mpya anaoka mikate kama kawaida, ila amesajiliwa kwa jina jingine. Alimkumbuka mama yule kwa kilemba chake. Fomu yake ilikuwa kwenye droo ya kaunta, imekunjwa pamoja na risiti za unga.

Ukiongea na mwajiri, usimwage siri. Huna haja ya kumwambia kwamba mtu huyu anapokea mafao muda gani au analipwa kiasi gani. "Nahakiki kama fulani aliomba kazi kwenu tarehe hii" inatosha.

Misiba, magari na watoto

Uwezo na utayari wa kufanya kazi huangaliwa siku kwa siku. Gari lililoharibika, mtoto asiye na mlezi, mgongo ulioteguka: kila kimoja kina swali lake, na swali hilo si "ulikuwa na shida?" bali "kazi ingepatikana Jumatano, ungeweza kwenda?" Mwenye gari bovu anayeishi kando ya njia ya basi, jibu lake ni ndiyo. Mwenye mlezi wa akiba, jibu lake ni ndiyo pia.

La kwetu hasa ni safari ya msiba. Mtu amefiwa na mzazi Kisumu au Lubumbashi, amepanda ndege, na Jumapili amebonyeza simu yake akadai wiki kama kawaida, akidhani ni sawa tu. Mfumo unaona dai limetoka nje ya nchi. Usikimbilie neno udanganyifu. Pata tikiti, uone siku alizokuwa angani na ugenini, usome jimbo lako linasema nini kuhusu asiyekuwepo sehemu ya wiki. Kisha umwulize aliambiwa nini alipojiandikisha, na kwa lugha gani. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalotenganisha kosa na hila.

Suala la kukataa kazi sitalirefusha. Kumbuka tu kwamba sheria ya shirikisho inakataza kumnyima mtu mafao kwa kukataa kazi mpya iliyo wazi kwa sababu ya mgomo, au yenye ujira na masharti duni sana kuliko ya kazi kama hiyo katika eneo lile, au inayomlazimisha kuingia chama cha wafanyakazi cha kampuni yenyewe, au kujitoa au kutojiunga na chama halali cha wafanyakazi. Kwa hiyo usiandike "alikataa kazi" bila kuandika kazi gani, ujira gani, umbali gani.

Usisahau aliyepunjwa

Wakaguzi wapya huona fahari kugundua malipo ya ziada. Aliyelipwa pungufu naye ni kosa la malipo, na kwa watu wenye majina kama yetu hutokea sana. Mafao hukokotolewa kwa kawaida kutoka mishahara ya robo mwaka nne za kwanza kati ya tano za mwisho zilizokamilika kabla ya dai. Mwajiri mmoja akiandika jina la baba mahali pa jina la ukoo, au akikosea tarakimu moja ya namba ya Usalama wa Jamii, robo nzima ya mshahara hupotea kwenye hesabu, na hakuna kengele inayolia. Mdai mwenyewe hajui. Anaona kiasi kidogo, anashukuru Mungu. Kwa hiyo omba stakabadhi za mshahara za kipindi chote, hata kama hujashuku kitu, uzilinganishe na kilichoripotiwa. Ukiona pengo, tafuta jina kwa kuligeuza. Kutoka faili moja la namna hiyo nimeona fao likipanda, na malimbikizo yakalipwa.

Uamuzi na maandishi

Kulipwa zaidi ni jambo moja, udanganyifu ni jingine. Udanganyifu unataka mtu awe alijua na akasema uongo au akaficha kwa kusudi, na wewe uweze kuonyesha hivyo kwa karatasi. Uzito wake si mchezo: kwa sheria ya shirikisho ya 2011, adhabu ni angalau asilimia 15 juu ya deni, na majimbo mengine huongeza kunyimwa mafao ya baadaye. Kijana wa ghalani aliyeandika sifuri kwa sababu hundi haijafika, mimi ningeandika malipo ya ziada yasiyo ya udanganyifu. Angeandika sifuri wiki sita mfululizo huku hundi zinaingia benki, mazungumzo yangebadilika.

Kabla ya kupeleka faili kwa msimamizi, mpigie mdai mara ya pili umsomee ulichopata: "Mwajiri anasema ulifanya saa 20, Alhamisi hadi Jumamosi. Wewe unasemaje?" Mpe siku za kutosha za kujibu, kwa njia anayoitumia kweli, iwe barua, simu au ujumbe. Asipojibu, andika kwamba hakujibu. Usiandike kwamba amekubali.

Katika maelezo yako weka nani alisema, lini, saa ngapi, kwa namba ipi, na maneno yake karibu na alivyoyatamka. "Meneja wa zamu, Jumanne saa nne asubuhi, amesema hana kumbukumbu" ni sentensi nzuri. "Mwajiri amekanusha" ni sentensi mbovu, kwani kukosa kumbukumbu si kukanusha, na jaji wa rufaa ataiona tofauti hiyo kabla hujamaliza kuketi. Simu zisizopokewa nazo ziandike zote, na saa zake. Barua ya uamuzi iseme wiki ipi, kiasi gani, kwa sababu gani, na siku ngapi za kukata rufaa, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa herufi zinazosomeka bila miwani.